Duka Lenye Mlango wa Kuchora

Kila asubuhi Selpha alifagia ua, akawafungulia kuku, akanywa chai kwa kiazi kitamu, kisha akafanya jambo moja ambalo hakuna aliyemwagiza. Alisimama mbele ya kipande cha kioo kilichoegemezwa dirishani, akavaa ufunguo shingoni na kuulaza juu ya sweta, mahali ambapo kila jicho lingeuona.

"Tembea nao polepole," mama yake alimtania huku akikaza kamba ya furushi la mitumba. "Watu watadhani ni ufunguo wa Ikulu."

"Mama, ni wa chumba cha kompyuta!"

"Ndiyo hiyo. Ikulu ya Mundika."

Waliishi Mundika, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, na mama yake, Carolyne, aliuza nguo pande zote mbili. Asubuhi angeweza kuwa katika soko la Busia ya Kenya, na alasiri Busia ya Uganda. Ndiyo maana simu yake, kama simu za wachuuzi wengi wa mpakani, ilikuwa na laini mbili, moja ya huku na moja ya kule.

Selpha alikuwa Gredi ya Nane na kiongozi wa Chama cha Kompyuta. Ni yeye aliyefungua chumba, yeye aliyegawa vishikwambi, na kompyuta ikigoma ni yeye aliyeitwa. Aliishi vizuri na wenzake kwa sababu hakuna aliyempita. Kisha Among akaja.

Among alihamia kutoka Malaba muhula wa pili. Siku ya kwanza alisalimia darasa zima, "Yoga!" kama wanavyosalimiana Wateso. Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nalo, akaketi. Wiki ya pili alikuwa akichapa bila kutazama vitufe. Wiki ya tatu watoto walianza kumwita yeye kompyuta zilipogoma. Selpha alihisi kitu kikimchoma chini ya ule ufunguo. Akaanza kuhesabu nani ameinua mkono kwanza, nani ameitwa kwa jina, nani Mwalimu Boaz, mlezi wa chama, amemtabasamia. Hesabu yenyewe haikuwahi kumtoka kichwani, hata alipokuwa kanisani.

Jumatatu moja Mwalimu Boaz aliingia akiwa na habari.

"Wanafunzi wa zamani wa shule hii watainunulia timu ya soka ya wasichana njumu," alisema. "Jozi kumi na sita, kwa ajili ya michezo ya kaunti. Zimebaki wiki tatu."

Chumba kizima kililipuka kwa vifijo. Mwaka uliopita timu ilikuwa imecheza miguu mitupu. Vivian, mlinda lango, alirudi nyumbani bila ukucha wa kidole gumba.

"Maduka ya mjini hayana saizi zenu zote," mwalimu aliendelea. "Tutaagiza kwenye mtandao. Lakini mtandaoni kila duka hujisifu. Kazi yenu ni kutathmini tovuti za wauza vifaa vya michezo, mniambie ipi tuiamini."

Akachora jedwali ubaoni. Je, bidhaa zinapatikana kwa urahisi? Picha zinaonyesha kitu chenyewe? Kuna kipimo cha saizi? Mzigo unafika wapi? Ukitaka kurudisha, unafanyaje? Ukiwa na swali, unampigia nani? Kila swali alama kumi.

Selpha alichagua tovuti ya Radi Spoti. Lo, ilikuwa tovuti! Ukiifungua, umeme unapiga, mpira unaruka, mchezaji anakimbia kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili. Akaijazia kumi, kumi, kumi, kalamu ikitembea kama inayoshuka mlima.

Among alichagua duka la Kipenga. Tovuti yake ilikuwa nyeupe, imepoa, bila cheche wala ngoma. Lakini ilikuwa na picha za soli, kipimo cha saizi kwa sentimita, na maoni ya wanunuzi, hata ya wale walionung'unika.

"Hiyo ni tovuti au karatasi ya mtihani?" Selpha alimkejeli, na wawili watatu wakacheka.

"Ni duka," Among alijibu. "Wewe boss, hebu nionyeshe kwako. Kiatu kikinibana, nabonyeza wapi nikirudishe?"

Selpha alitafuta juu, akatafuta chini. Mchezaji alipita mbele yake mara tatu.

"Swali zuri sana, Among!" Mwalimu Boaz alisema. "Mnaona? Hakutazama mapambo, alitazama mlango. Wewe ndiwe utakayesoma tathmini yetu mbele ya Bi Rael."

Bi Rael alikuwa mwakilishi wa wanafunzi wa zamani, naye angekuja Ijumaa kuagiza. Kusoma tathmini mbele ya mgeni! Kazi hiyo ilikuwa ya kiongozi wa chama siku zote. Selpha alijikuta ameukamata ufunguo kwa nguvu hadi meno ya huo ufunguo yakaacha alama kiganjani.

Jumanne jioni aliomba simu ya mama. Alitaka kosa, hata dogo, ndani ya Kipenga. Alikaa nyuma ya nyumba, akaifungua ile tovuti nyeupe, na moyo ukamruka. Bei zote zilikuwa za shilingi za Uganda! Na chini yake paliandikwa kwamba mzigo unafikishwa Busia, Uganda. Among alikuwa ameandika kwenye jedwali lake, "Wanafikisha mzigo hadi Mundika."

"Nimemnasa," Selpha alinong'ona.

Kesho yake hakuenda kwa mwalimu. Alikwenda kwa wasichana wa timu, bombani.

"Mnajua ni kwa nini Among analipenda lile duka? Ni duka la ng'ambo. Huenda ni la mjomba wake wa kule Tororo."

Maneno hayana miguu lakini hukimbia. Kufikia mapumziko ya chakula yalikuwa yamezunguka shule. "Among!" mmoja aliita. "Njumu zetu zitapita kwa njia ya panya?" Wote wakaangua kicheko, kwa maana huko mpakani kila mtoto anajua kwamba njia ya panya ni njia ya magendo. Safari hii Among hakucheka nao.

Jioni hiyo Selpha alimwonyesha mama yake ile tovuti, ili apate mtu wa kumsifu. Mama aliitazama mara moja tu.

"Hii si laini ya Uganda? Nilinunua bando kule jana. Kuna maduka yanayouza pande zote mbili, mwanangu. Yanatazama laini yako, yanakufungulia upande huo." Akabonyeza hapa na pale, akaiwasha laini ya Kenya. Ukurasa ukajifungua upya. Bei zikawa za Kenya. Chini yake: mzigo unafikishwa Busia mjini, Mundika, Funyula.

"Umeona? Simu ni kama mimi. Ikivuka, inabadilisha lugha," mama alisema, akacheka, akaenda kugeuza ugali.

Selpha alibaki na simu mkononi. Sasa alijua. Hata mtoto wa chekechea angejua la kufanya. Lakini wivu ni mgeni mbaya. Ukimpa kigoda, anaomba kitanda. Alfajiri aliiomba tena simu ya mama, akairudisha kwenye laini ya Uganda kwa mkono wake mwenyewe, akaenda nayo shule.

Alhamisi hiyo umeme ulikuwa umekatika. Mvua ya usiku iliangusha nguzo, na kompyuta zote zilikuwa kimya. Selpha alimwendea Mwalimu Boaz na simu.

"Mwalimu, tazama mwenyewe."

Mwalimu alitazama. Akaita Among.

"Among, uliandika Mundika. Hapa pameandikwa Uganda."

"Mimi niliona Mundika, Mwalimu."

"Wapi?"

Among aliikodolea simu macho. "Niliiona," alirudia, na sauti ikamkatika.

"Sikulaumu," mwalimu alisema, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. "Ila kazi ya tathmini ni kuhakikisha. Selpha, utasoma wewe. Tutaagiza kwa Radi, maana wao angalau wanafika huku. Tayarisha orodha ya saizi."

Basi Selpha alikuwa amepata alichokitaka. Alitarajia kitu kile kifuani kipoe, lakini hakikupoa.

Umeme uliporudi alasiri, aliketi peke yake kutayarisha oda ya Radi. Palipotakiwa saizi palikuwa na maneno matatu tu: ndogo, wastani, kubwa. Vivian alivaa thelathini na tisa. Brendah, winga mdogo mwenye mbio kama swara, alivaa thelathini na tano. Nani kati yao ni "wastani"? Mwishowe alikiona kitufe cha "Rudisha bidhaa," kimejificha chini kabisa, akakibonyeza. Umeme ukapiga, mpira ukaruka, akajikuta amerudi ukurasa wa kwanza. Alikwenda ofisini akaomba kupiga nambari ya duka. Haikupatikana. Akajaribu tena. Haikupatikana.

Ilikuwa kama nyumba aliyowahi kuiona njia ya Malaba, ambayo mwenyewe alikosa mbao akachora mlango ukutani kwa rangi. Kwa mbali ulipendeza kuliko milango yote ya jirani. Ila hakuna aliyepita ndani yake.

Bado angenyamaza. Kiburi kilimwambia: soma kesho, mambo yaishe. Lakini alipokuwa akifunga chumba, alimkuta Among mlangoni na bunda la magazeti ya zamani.

"Chukua," Among alisema bila kumtazama. "Nimechora nyayo za timu nzima. Kila unyayo una jina. Wewe ndiye utakayeagiza, kwa hiyo usikosee. Vivian mguu wa kulia ni mrefu kidogo kuliko wa kushoto."

"Umefanya haya lini?"

"Leo mchana."

"Baada ya... baada ya mwalimu kukuita?"

"Miguu haina makosa," Among alijibu, akaondoka.

Ijumaa Bi Rael alifika, mama mcheshi mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Timu yote ilijipanga ndani ya chumba cha kompyuta. Selpha alisoma tathmini ya Radi hadi mwisho. Bi Rael akatoa simu yake.

"Haya, watoto. Nikibonyeza hapa, maneno yamekwisha."

Vivian alikuwa akitabasamu. Mguuni alivaa kandambili, na ule ukucha ulikuwa umeota nusu.

"Bi Rael, ngoja!" Selpha alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Usibonyeze. Tafadhali fungua Kipenga kwanza."

Bi Rael alimtazama mwalimu, kisha akafungua. "Mbona ni duka zuri tu? Bei za Kenya, na wanafika hadi Mundika. Tatizo lake ni nini?"

"Halina tatizo. Tatizo ni mimi." Machozi yalimjaa lakini hakuyafuta. "Simu niliyomwonyesha Mwalimu ilikuwa kwenye laini ya Uganda. Nilijua, na nikaiwasha makusudi. Mjomba wa Tororo nilimbuni mwenyewe. Nambari ya Radi haipatikani, na kile kitufe cha kurudisha bidhaa hakiendi popote. Among alikuwa sahihi kila mahali. Nilimwonea wivu."

Brendah alitazama jozi kumi na sita za nyayo zilizopangwa mezani, kisha akamtazama Selpha kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Mwalimu Boaz alinyoosha mkono. Selpha alivua ufunguo akamkabidhi. Shingo yake ilihisi wepesi wa ajabu na aibu nzito kwa pamoja.

"Na mimi nina kosa," mwalimu alisema. "Nilitazama simu, sikuuliza simu imetoka wapi. Among, nisamehe. Nitasema hivyo tena Jumatatu gwaridani, na Selpha atasimama kando yangu aseme lake."

Bi Rael aliagiza kwa Kipenga, Among akimsomea saizi, unyayo kwa unyayo.

Jioni Selpha alimweleza mama yake yote. Mama hakupiga kelele. Aliiweka simu juu ya meza kati yao.

"Umeifanya simu yangu shahidi wa uongo," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Mimi huvuka mpaka kila siku. Kule sokoni kuna wanaoniita mgeni ninapouza kuwazidi. Hawasemi nguo zangu ni mbaya, wanasema nimetoka ng'ambo. Sasa mtoto wangu amekwenda kumwimbia mwenzake wimbo uleule. Hasidi hana sababu, basi huishona mwenyewe. Anayekupita kwa kazi, mfuate umuulize njia. Ukimtega mguu aanguke, wewe hujasogea hata hatua moja."

Selpha aliinamisha kichwa. Jumatatu alisimama gwaridani akasema lake mbele ya shule nzima, hadi neno la mwisho.

Njumu zilifika siku tisa baadaye. Jozi kumi na tano zilikaa miguuni kama zilizozaliwa nayo. Ya Brendah ilipwaya, ikarudishwa kwa kitufe kilichoandikwa "Rudisha," na nyingine ikaja kabla ya michezo. Ufunguo sasa ulining'inia kwenye msumari ofisini, na kila mwanachama aliufuata kwa zamu.

Siku ya zamu ya Among, Selpha alimkuta akinakili jedwali la tathmini kwa ajili ya mwaka ujao. Alisimama, akasitasita.

"Naweza kuongeza swali moja?"

Among alisogea akampa nafasi kwenye benchi. Selpha akaandika, taratibu: "Tovuti imefunguliwa kwa laini ya nchi gani?"

Among alisoma, akatikisa kichwa. "Bado halijakamilika, boss." Akachukua kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake mdogo: "Na kwa moyo gani?"

Mwalimu Boaz, aliyekuwa akisoma nyuma ya mabega yao, aliguna kwa kuridhika.

"Swali hilo la mwisho," alisema, "lipeni alama ishirini. Jicho lenye wivu huona kosa pasipo na kosa, na mlango pasipo na mlango."