Stefano Haitiki Siku Hizi

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake za shule, Rahel alimpelekea kaka yake chakula cha mchana. Stefano alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Turiani. Wakati wa mavuno mashine ilinguruma kutwa, na vumbi la pumba lilimganda hadi kwenye kope. Masikioni alivaa hedifoni. Muziki aliufungulia hadi mwisho, kwa sababu ukiwa chini alisikia mashine tu.

"Hizi ndizo zinazonikinga na kelele," alipenda kusema.

Jumamosi moja Rahel alimkuta Bibi Mosi, jirani yao, akisubiri mchele wake. Mashine ilikuwa imezimwa. Stefano alikuwa amewapa mgongo akifunga gunia, hedifoni zikining'inia shingoni.

"Stefano, mjukuu wangu, hujambo?" Bibi Mosi alisalimia.

Stefano alivuta kamba ya gunia bila kugeuka.

"Stefano!"

Stefano aliendelea kufunga gunia. Vijana waliokuwa wamekaa kivulini wakacheka.

"Huyo bosi, bibi! Kumsalimia lazima upange foleni," mmoja wao alisema.

Bibi Mosi akajitwisha mchele wake. "Nimembeba mgongoni, leo hata salamu yangu haijibu. Mama yake atanisikia."

Rahel alimgusa kaka yake begani. Stefano akashtuka.

"Kaka, Bibi Mosi amekuita mara mbili."

"Saa ngapi?" Stefano alitazama huku na huku, kisha akamvuta Rahel kando. "Sikio la kushoto lina mlio, kama nyenje. Hata nikilala hauniachi. Usimwambie mama, ataniachisha kazi. Niahidi."

Rahel aliitikia kwa kichwa.

Jioni, mama yao alikuwa ameshapata habari. Alisonga ugali kwa hasira, mwiko ukigonga sufuria.

"Kazi imempa kiburi! Akija leo, atakwenda kumwomba Bibi Mosi radhi kwa magoti."

Rahel alisimama mlangoni. Alikuwa ameahidi. Lakini kama angenyamaza, kaka yake angegombezwa kwa kosa lisilo lake, na sikio lingezidi kuharibika.

"Mama, hana kiburi," alisema. "Hasikii."

Mwiko ukasimama.

Wiki iliyofuata, shule zilipofungwa, walikwenda wote watatu hospitali mjini Morogoro. Stefano hakumsemesha Rahel njia nzima. Daktari alimkalisha kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akamwambia anyooshe mkono kila anaposikia mlio. Rahel na mama walitazama. Daktari alibonyeza kitufe. Stefano alikaa tuli, akisubiri mlio uliokwisha kupita.

"Sikio la kushoto limepoteza sehemu ya usikivu, na sehemu hiyo hairudi," daktari alisema baadaye. "La kulia limeguswa kidogo."

"Lakini nilikuwa nayaziba, daktari."

"Hukuyaziba. Hedifoni zako hazizuii mngurumo. Uliongeza muziki ili uishinde mashine, sikio likabeba kelele zote mbili. Kazini vaa vifunika masikio vya kuzuia kelele, bila muziki. Pumzika mbali na mashine. Muziki usikilize nyumbani, kwa sauti ya chini."

"Kwa hiyo kazi naendelea nayo?"

"Endelea, ila urudi kupimwa."

Stefano akashusha pumzi. Walipotoka nje, alimgeukia dada yake. "Mmbea wewe," alisema, lakini alimpokea mfuko aliobeba.

"Usimwite mmbea," mama alisema, akihamia upande wa kulia wa mwanawe. "Uliogopa kupoteza kazi, ukaacha masikio yapotee. Kabla hatujapanda basi tutatafuta hivyo vifunika masikio, na tukifika tutapita kwa Bibi Mosi tumweleze. Na wewe Rahel, mtu akikuomba umfichie ugonjwa, usikubali, hata kama ni kaka yako. Mwambie mkubwa siku hiyohiyo, kama ulivyofanya."

Rahel alimtazama kaka yake.

"Nimesikia, mama," Stefano alisema.