Ujumbe wa Mchumi

Jumamosi ile Soko la Burma lilijaa hadi milangoni. Wauza nyama walipiga mapanga juu ya magogo na kuwaita wateja kwa kelele. Twalib alisimama mbele ya kibanda kimoja akimweleza muuzaji kwa nini bei ya maini ilipaswa kushuka mwisho wa mwezi.

"Kaka, unanunua au unahutubu?"

Aligeuka. Msichana mwenye gauni la zambarau na mtandio mweupe wa lasi alikuwa akimcheka waziwazi.

"Nimesomea uchumi chuo kikuu," Twalib akajitetea.

"Na uchumi wenyewe umeshindwa kununua maini?" Akaitazama suruali yake yenye pindo pana. "Au pesa zote ziliishia kwenye kitambaa?"

Ndivyo alivyomjua Kadija, binti wa Mzee Idarusi, mwenye duka mtaani Kaloleni. Twalib alikuwa amehamia mtaani humo wiki hiyo, kwa shangazi yake. Duka hilo lilikuwa na simu iliyotumiwa na majirani wote. Kila aliyetafuta kazi aliandika namba ya duka kwenye barua ya maombi. Mzee alisikia kwa taabu, kwa hiyo Kadija ndiye aliyepokea simu na kupeleka ujumbe mlango kwa mlango.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1984. Wizara ya mipango ilitafuta wachumi wa kupeleka wilayani. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kazi ilikuwa ya kudumu na nyumba ilitolewa. Mabenki yalilipa karibu maradufu, ila yaliajiri wachache. Twalib aliomba kote.

"Mchumi wangu, wizara itakupeleka wapi?" Kadija alimuuliza jioni moja.

"Popote. Hata Marsabit kule jangwani. Tutafuga ngamia, laazizi."

"Basi muoe huyo ngamia!"

Twalib alicheka. "Usiogope. Benki ikiniita, sitaigeukia wizara."

Walikubaliana kwamba akipata kazi, wazee wake wangekuja kumposa. Miezi ikapita. Kila jioni alipita dukani.

"Hakuna simu?"

"Hakuna, mpenzi. Subiri kidogo." Naye alikuwa akimpa soda baridi bila malipo.

Siku moja alimsikia Mzee Idarusi akiuliza kwa sauti kubwa, "Huyo kijana amesomea nini ambacho hakuna anayekitaka?" Twalib aliiacha soda juu ya kaunta akaenda zake. Juma lililofuata alikubali kufundisha hesabu katika shule ya harambee, kwa ujira ambao tarishi angeukataa. Shangazi akamhurumia, akaipanga posa iwe Ijumaa.

Jumatano alitembelewa na Kiilu, aliyesoma naye chuoni. Kiilu alivaa suti mpya ya kijivu.

"Nimekuja kuaga, bwana. Naenda Marsabit, mchumi wa wilaya! Na nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru kwa lipi?"

"Si nafasi ilikuwa yako? Karani aliniambia walikupigia simu kwanza. Mwanamke akajibu kwamba umeshaajiriwa na benki. Hiyo benki inalipa vizuri?"

Twalib alikuwa amekwisha toka nje, akielekea dukani.

Kadija alikuwa akipima sukari.

"Wizara walinipigia simu?"

Mkono wake ukasimama juu ya mizani. "Nani kakwambia?"

"Jibu kwanza."

"Walipiga. Mwezi wa tatu." Sauti yake ikafifia. "Si wewe mwenyewe ulisema hutaigeukia wizara? Nilidhani benki itakuita. Niliogopa utakwenda huko unisahau."

"Nilikuuliza kila jioni, Kadija. Ukanitazama usoni, ukanipa soda."

"Ningeanzia wapi kukwambia?"

"Mtaa mzima unakuamini na simu zake. Hujawahi kumpunguzia mtu neno. Yangu tu ndiyo uliyoizika."

"Twalib, nilikuwa nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana sikushuku."

Alhamisi mchana alisimama katika kibanda cha simu kilichokuwa mbele ya shule, akatumbukiza sarafu.

"Haloo, duka la Mzee Idarusi."

"Ni mimi."

"Mpenzi! Nilijua uta—"

"Nina ujumbe kwa baba yako. Utaufikisha?"

Alisikia mfuko wa karatasi ukikunjwa.

"Nitaufikisha."

"Mwambie wazee wangu hawatakuja kesho."

"Akiuliza sababu?"

"Mwambie sikukupa sababu."

Alisikia mkono wa simu ukilazwa juu ya kaunta. Kisha Kadija akapaza sauti ili baba yake asikie, na wateja wote pia wakasikia. "Baba! Twalib anasema wazee wake hawatakuja kesho. Kosa si lake. Wizara ilimpa kazi, mimi nikaikataa kwenye simu hii hii."

Kadija akarudi kwenye simu, akihema.

"Nimefikisha. Nimeongeza maneno yangu."

"Nimesikia."

"Una ujumbe mwingine?"

Twalib alifumba macho. Aliiona lasi nyeupe na msichana akimcheka sokoni.

"Leo sina," akasema.

Akakata simu, akavuka uwanja kurudi darasani.