Ukuta wa Chumba cha Cadi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mererid alichukua ndoo na kitambaa akaenda kufuta ukuta wa chumba cha binti yake. Ukungu mweusi ulikuwa umerudi tena. Cadi, mwenye miaka sita, aliketi kitandani akikohoa.

"Mama, ukuta umelia tena."

"Acha ulie. Dawa yake inakuja," alijibu Mererid, ingawa dawa yenyewe hakuijua.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya miaka mia mbili, kule Llŷn, Wales, mahali ambapo mvua ya bahari huja na upepo ikapiga kuta ubavuni. Aliishi humo na mumewe Gethin na baba mkwe wake, mzee Ifor. Gethin alikuwa ameshapaka ukuta ule rangi ya kuzuia maji mara tatu. Mara zote tatu ilibambuka.

Mwezi wa Aprili muuguzi alimsikiliza Cadi kifua. Hakuficha neno.

"Chumba hiki kisipokauka kabla ya majira ya baridi, mtoto asilale humu. Mpelekeni kwa shangazi yake mjini."

Mererid aliumia moyoni. Muuguzi alipoondoka, aliwageukia mumewe na baba mkwe wake.

"Mtoto wangu hahami," alisema. "Nasema hahami!"

"Basi kesho tununue saruji, tupige lipu nyingine juu ya ile ya nje," alisema Gethin. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Hapo umenena," alisema mzee Ifor. "Saruji ndiyo mwisho wa maneno. Ile lipu niliipiga kwa mikono yangu, mwaka uliozaliwa wewe. Zamani tulipaka chokaa kila mwaka. Kazi haiishi! Nikasema, potelea mbali, nikaleta saruji. Watu walisimama barabarani kuitazama nyumba yangu."

Kesho yake walikwenda kwenye duka kubwa la mjini. Muuzaji aliwauliza neno moja tu: "Mifuko mingapi?"

Mererid alimkazia macho. "Mara tatu umetuuzia rangi. Hata siku moja hujauliza ukuta wetu ni wa nini."

"Mimi nauza, mama. Sijengi."

"Haya, kaa na saruji yako." Alimshika Gethin mkono wakatoka. Huko chini, kwenye njia ya bandarini, kulikuwa na ghala la Bi Dilys, aliyeuza chokaa na vifaa vya nyumba za zamani. Mererid alikuwa akilipita miaka yote bila kuingia.

Bi Dilys alitokea ndani, mikono yake imejaa chokaa hadi kwenye viwiko.

"Tunataka dawa ya unyevu," alisema Gethin.

"Dawa kabla sijamjua mgonjwa? Ukuta ni wa nini?"

"Wa mawe."

"Nje umepigwa nini?"

"Saruji."

"Na ndani?"

"Rangi ya kuzuia maji."

Bi Dilys alitikisa kichwa. "Basi leo siwauzii kitu."

"Ebo! Biashara gani hii?"

"Biashara ya kutomuuzia mtu hasara. Kabandueni kipande cha lipu ya nje, kiasi cha kiganja, mniletee. Na mtazame kilichoko nyuma yake."

Walipofika nyumbani, Mererid mwenyewe alishika nyundo na tindo. Mzee Ifor alitoka mbio.

"Mkwe wangu! Unabomoa kazi yangu nikiwa hai?"

"Nisamehe, baba. Nakuheshimu sana. Lakini Cadi anakohoa."

Alipiga. Kipande kikaanguka. Nyuma yake mawe yalikuwa meusi, na maji yakachirizika, hali mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa. Mzee Ifor aligusa mawe yale kwa kidole. Aliingia ndani akafungulia redio kwa sauti kubwa.

Bi Dilys alipoletewa kile kipande, alikuja nyumbani kuona. Alizunguka nyumba yote, kisha akaeleza.

"Ukuta wa mawe wa zamani hunyonya mvua, halafu upepo huukausha. Saruji ni ngumu. Ukuta ukisogea kidogo, saruji inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, lakini kutoka hayawezi. Ndani nako mmeyafungia kwa rangi. Yatakwenda wapi? Yamekaa na mtoto chumbani."

"Kwa hiyo saruji ni mbaya?" aliuliza Gethin.

"Si mbaya. Nyumba mpya ya matofali ina mambo yake. Hii inataka chokaa, kwa sababu chokaa hunyonya maji na kuyaachia."

"Mchanga nitachota pwani, ni wa bure."

"Thubutu! Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta maji. Chukua wa machimbo, uliooshwa. Chokaa nayo si moja. Ya nje, penye upepo wa bahari, iwe ile inayoshika zaidi. Ya ndani iwe laini. Vipimo nimewaandikia. Na vaeni miwani na glavu, maana chokaa huchoma macho na ngozi. Bandueni sasa, nje na ndani, ukuta ukauke. Lipu mpya iishe Agosti, kwa sababu barafu ikiikuta mbichi itaivunja."

Tangu siku ile, Mererid alitoka kazini, jikoni mwa shule, akashika nyundo. Mikono ilimtoka malengelenge. Hakuacha. Majirani walimtania.

"Mbona mnaivua nyumba nguo?"

"Imelala na koti la mvua miaka thelathini na sita," alijibu. "Haijachoka?"

Wiki ya tatu, mzee Ifor alitoka na tindo yake mwenyewe. "Pale juu mtashindwa," alinung'unika. "Najua nilikoweka saruji nyingi."

Waliacha ukuta upigwe na upepo hadi Julai. Agosti walipiga chokaa, nje na ndani, tabaka jembamba juu ya jembamba. Tabaka la kwanza la nje lilikauka haraka kwa jua, likapasuka. Mererid alilia kwa hasira. Bi Dilys alikuja siku hiyo hiyo, akawaonyesha kulilowesha na kulisugua tena, kisha kulifunika kwa magunia mabichi. Kazi ya kulowesha magunia aliichukua mzee Ifor, asubuhi na jioni.

Novemba ilinyesha mvua siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne Mererid aliingia chumbani bila ndoo, akauweka mkono ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu. Cadi alikuwa amelala fofofo, na pumzi yake haikukwaruza. Wiki ile muuguzi alikuja, akamsikiliza mtoto kifua, akacheka.

"Abaki papa hapa."

Mererid alimkumbatia muuguzi na machozi yakamtoka, wala hakuyaonea aibu.

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, jirani yao Wil alikuwa akilalamikia unyevu. "Nitapiga saruji," alisema, "kama ile yako, mzee Ifor."

Mzee Ifor alivua kofia.

"Usinunue kitu, Wil. Mimi nilikosea, na mjukuu wangu ndiye aliyeumia. Kesho nakuja na tindo. Tutabandua kipande, tumpelekee Dilys."