Salamu Iliyosubiriwa Angani

Kombora liliruka kutoka mlimani, likaupasua ukungu wa Jiji la Kitulo, kisha likafanya jambo ambalo hakuna kombora lililowahi kulifanya katika nchi ile: likakata kona. Ndege iliyokuwa mbele yake ilipinda kushoto, nalo likapinda kushoto. Ndege ilishuka, nalo likashuka. Lilikuwa likifuata mwale-kiongozi, uzi wa mawimbi usioonekana kwa macho, na mwale huo ulishikwa na mkono wa mtu mmoja, Mhandisi Tusekile, aliyekaa peke yake katika kibanda cha vioo. Mawingu yakawaka moto.

"Hongera, Mhandisi!" Kanali Mwaipopo alipaza sauti redioni. "Umeliokoa jiji!"

Tusekile akacheka peke yake kama mwehu. Wenzake walikuwa wamehamishiwa bondeni tangu mabomu yaanze, na siku hizi mtu aliyeongea naye ni mdogo wake tu, Andongwisye, rubani wa jeshi. Wazazi walikwisha kufa, walibaki wawili. Kila jioni kijana huyo alimpigia simu: "Shikamoo dada. Bado hujafunga ndoa na hayo makombora yako?"

Jioni ile simu haikulia. Alikuja Kanali mwenyewe, kofia mkononi.

"Pole sana, mwanangu. Ile ndege ilikuwa yetu. Ilikuwa ya mdogo wako."

"Haiwezekani! Ndege zetu zina kisalimio!"

Kisalimio kilikuwa kisanduku cha mawimbi, kimoja ndani ya ndege, kingine kituoni. Vikisalimiana, kombora halirushwi. Visiposalimiana, huyo ni adui. Cha kituoni alikibuni Tusekile, akakifunza adabu aliyolelewa nayo: anayefika ndiye apige hodi. Kwa hiyo kituo kilisubiri. Mafundi wa ndege, huko mji mwingine, nao walikuwa na adabu yao: ndege imelitumikia jeshi miaka mingi, kombora limezaliwa juzi, basi mdogo aanze kuamkia. Ndege nayo ikasubiri. Vita vina haraka, na hakuna aliyewakutanisha mafundi hao kabla ya kombora la kwanza kurushwa. Jamani! Adabu mbili, zote njema, zikanyamaziana, na kijana wa watu akafa.

"Visalimio vitarekebishwa," Kanali alisema, macho chini. "Lakini nakuomba usikiache kiti. Hakuna mwingine anayeuweza huo mwale."

Hakukiacha. Angekwenda wapi, na kwa nani?

Asubuhi iliyofuata, visalimio vikiwa bado havijarekebishwa, ndege moja ilitokea juu ya ukungu, kimya. Amri ilikuwa wazi: asiyesalimu apigwe, na asisemeshwe kwa sauti. Chini yake jiji lilikuwa limejaa watoto wakienda shule. Na kama huyu naye ni ndugu wa mtu wa hapa? Akaivunja amri, akafungua redio.

"Shikamoo, wewe uliye juu."

Akaongeza nguvu ya redio, akarudia.

"Shikamoo!" Safari hii sauti ilimkatika.

"Marahaba," akajibu mzee mmoja, taratibu. "Mbona unalia, mwanangu?"

Tusekile alishusha pumzi. Alitaka kumweleza yote, kuanzia simu ambayo haikulia. "Unatokea wapi, baba?"

"Sitakudanganya. Sitokei kwenu."

"Basi geuza, baba. Nakusihi, geuza urudi."

"Ningependa. Nimetumwa, mwanangu, na nyuma yangu wapo wanaonitazama."

Ndege ikaanza kushuka kuelekea jiji. Tusekile akamwomba radhi, mzee akasema haina neno. Tusekile akabonyeza kitufe. Kombora la aina ile halikujua kwenda lenyewe, ilimpasa aushike mwale mpaka mwisho. Mzee alipopinda, naye akapinda. Mzee aliposhuka, naye akashuka, huku akimsikia anavyopumua. Hakuna hata mmoja wao aliyezima redio.