Pilipili na Oili ya Gari Jipya

Kila asubuhi, mikate ikiwa bado ya moto, Pilipili na baba yake walifungua boneti ya gari lao. Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha akampa binti yake asome, maana macho ya Baba yalikuwa hayaoni vitu vya karibu. Mwenyewe hakukubali. Alisema macho yake ni mazima, ila mikono yake ndiyo mifupi.

Gari hilo waliliita Ajuza. Lilikuwa limetembea kilomita laki tatu na ushee, na lilianza kukohoa kabla Pilipili hajazaliwa. Lakini ndilo lililosambaza madukani mikate aliyooka Mama, na mikate hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha. Ajuza akigoma, jiko nalo linagoma.

Pilipili alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba na mwepesi wa kuwaka, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kazi ya kusoma kijiti aliiona kama uwaziri. Likizo ilipoanza, akaja binamu yake, binti wa shangazi. Shangazi alikuwa amefanyiwa upasuaji, akahitaji kupumzika. Binti huyo hakuwa na papara hata akifukuzwa na mbwa, basi wakamwita Taratibu.

Siku ya tatu, Baba akampa Taratibu kijiti.

"Mjomba, oili imefika katikati ya alama mbili," akasema. "Lakini imekuwa nyeusi, na nikiigusa ina chengachenga."

"Ala! Huyu ana jicho la fundi!" Baba akashangilia. "Kweli, wakati wa kuibadilisha umefika."

Pilipili akalitupa tambara chini. Mwaka mzima alikuwa akisoma "ipo" au "haipo", na hakuna aliyemwambia ana jicho la chochote. Kesho yake Taratibu akakaribishwa kiti cha mbele. Pilipili akasafiri nyuma na mikate, amenuna kuliko unga uliokataa kuumuka.

Jumamosi Baba aliwatuma wote wawili duka la spea. "Taratibu, wewe lete chujio la oili. Pilipili, wewe oili. Ishirini hamsini, ile nzito. Usisahau."

"Sisahau, Baba."

Dukani, Taratibu akatoa chujio kuukuu alilolifunga kwenye karatasi. Akalilinganisha na jipya: upana, mpira wa mdomoni, hata nyuzi za skrubu.

"Mwanangu, wewe una akili," mama muuza spea akamsifu. "Watu wazima wananijia hapa wananiambia, 'Nipe chujio la gari jekundu.'"

Taratibu akashukuru, akatangulia kuondoka. Pilipili akabaki dukani. Kila mtu Taratibu, Taratibu! Akainua macho, akaona kwenye rafu galoni la rangi ya dhahabu, linang'aa kama kikombe cha ushindi.

"Nipe lile."

"Lile ni la sifuri ishirini, oili nyepesi ya magari mapya. Wiki hii tumelipunguza bei. Gari lenu ni jipya?"

"Jipya! Viti bado vina nailoni."

Kuhusu nailoni hakudanganya. Ilikuwepo, imeziba matundu.

Nyumbani alikuta Taratibu ameshapaka oili kidogo kwenye mpira wa chujio na kulikaza kwa mkono, kama Baba alivyomwelekeza. Baba akapokea galoni, akaliinua juani.

"Zuri hili! Ndiyo ile niliyokwambia?"

"Ndiyo ile, Baba."

Baba akamimina. Oili ikateremka haraka, kama chai.

Jumapili Ajuza alipumzika. Jumatatu alitoka vizuri akiwa amebeba mikate. Lakini walipofika katikati ya mlima, jua likiwa kali, bomba la nyuma likaanza kutoa moshi wa buluu. Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Baba akaegesha upesi, akazima injini. Chini ya gari, oili ilikuwa ikidondoka, to, to, to.

"Chujio!" Baba akafoka. "Taratibu, hukulikaza! Injini ikifa hii, tutakula nini? Kesho nakurudisha kwa mama yako, apone asipone!"

Pilipili, huku nyuma, moyo wake ukacheka. Kiti cha mbele kinarudi! Kijiti kinarudi!

"Nililikaza, Mjomba," Taratibu akasema. "Lakini huenda nilikosea. Nisamehe. Usimwambie Mama, atashindwa kulala na mshono wake."

Kile kicheko cha moyoni kikakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa waya.

Baba akampigia simu Mama Spana, fundi wao, naye akafika na mkoba wake wa vyuma. Akainama, akanyoosha mkono kwenye chujio.

"Fundi, usilifungue," Pilipili akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Si chujio. Ni mimi. Niliambiwa ishirini hamsini, nikaleta sifuri ishirini. Nilisema gari letu ni jipya."

Baba akageuka kumtazama.

Mama Spana akapitisha kidole kwenye chujio: kavu kabisa. Akachomoa kijiti, akaisugua oili kati ya vidole. "Loo! Hii ni nzuri, lakini si ya huyu bibi. Injini ya zamani imelegea viungo, na mipira yake imekauka. Oili nyepesi inapenya humo, nyingine inaungua, nyingine inavuja. Wanasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini kuvuja kwa oili ni nafuu ya nani? Bahati yenu mlizima mapema."

"Kwa nini, mwanangu?" Baba akauliza.

"Ulisema ana jicho la fundi. Mimi hukuwahi kuniambia."

Baba akamwendea Taratibu, akamwomba radhi, mtu mzima na ndevu zake. Mama Spana akaimwaga oili ile kwenye beseni, akatia ishirini hamsini aliyokuja nayo. Ajuza akakohoa mara mbili, akanguruma. Taa nyekundu ikazimika. Mikate ikafika madukani saa sita, na kelele za wenye maduka zikafika kwenye masikio ya Baba.

Lakini kabla hawajaondoka pale mlimani, Pilipili alimshika binamu yake mkono. "Nisamehe. Kaa mbele."

"Tubanane," Taratibu akasema. "Wewe mwembamba."

Mama Spana akafuta mikono, akawatazama wote watatu.

"Nisikilizeni. Gari huliwekei oili kwa kutazama galoni la jirani, unaliwekea inayolifaa. Na sifa za mwenzako hazikupunguzii zako. Ukitaka kusifiwa, jifunze kazi. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, kabla injini ya mtu haijafa." Akamgeukia Baba. "Nawe, ungesoma maandishi ya galoni, tusingekutana hapa. Baba haoni kwa sababu ya macho, binti haoni kwa sababu ya kijicho. Wewe nenda ukapimwe miwani. Huyu ameshaipata yake leo, tena bila kupanga foleni."