Njia ya Namba Sita

Siku majina ya walioitwa kusomea ualimu yalipotoka, saiba ya Abdihakim pale Kitale, ghorofani karibu na msikiti, ilijaa watu hadi kwenye ngazi. Walisimama nyuma ya kila kiti wakipumuliana shingoni, na mtandao umekwama, hauendi mbele wala nyuma. Nasambu, mhudumu wa pale, alikuwa ndani ya gauni lake la kijani lenye vifungo vya mbele, jasho linamtiririka, kila mtu akimuuliza mbona kurasa hazifunguki kana kwamba yeye ndiye aliyezifunga.

Kijana mwenye sweta ya mistari, viatu vyekundu kwa vumbi, akajipenyeza hadi kaunta.

"Foleni iko nyuma, kaka," Nasambu akamwambia bila kuinua macho.

Kijana akatabasamu, akarudi nyuma, akapanga foleni dakika arobaini nzima. Alipofika mbele tena akaweka begi lake juu ya kaunta.

"Sasa, madam. Mimi ni Wangila, fundi. Abdihakim amenituma kutoka Bungoma nitengeneze mtandao."

"Na si ungesema?"

"Ungeniamini? Ulinitazama kama mwizi wa kuku."

Nasambu akacheka, na hakuwa amecheka tangu asubuhi.

Mkosaji alipatikana upesi. Alikuwa Zachary, muuza kanda, ametulia kwenye kompyuta namba mbili anavuta nyimbo za kwenda kuuza. Wangila akafungua ukurasa wa rauta, kile kisanduku cha taa za kijani kinachogawia kila kompyuta mtandao, akamweleza Nasambu kwamba kila ukurasa na kila wimbo hufungua njia yake mle ndani, njia hizo huitwa seshoni, na Zachary peke yake amefungua mia tatu. Ni kama mashine ya kusaga, alisema. Mwenye magunia kumi akiachiwa, mwenye gorogoro moja, kibati kimoja tu cha mahindi, atalala njaa. Basi akawekea kila kompyuta kikomo cha seshoni sitini. Sauti za wanaopiga simu kwa mtandao akazipa njia ya kwanza, maana barua inaweza kungoja, lakini sauti ikingojeshwa inageuka kigugumizi. Zachary alinung'unika wiki nzima kwamba amefungwa kamba.

Mapenzi yao yalianzia hapo, na kwa miezi mitano yakakua kwa simu. Wangila alikuwa Bungoma, anakuja Kitale mara mbili kwa mwezi, lakini kila jioni simu ya Nasambu ililia. Rauta ikisumbua mchana, alimwongoza kwa sauti: fungua hapa, nisomee namba ile. Nasambu aliachia shule darasa la nane, na kile kizungu cha kwenye kioo cha kompyuta kilimtia woga.

"Wewe unatazama kabla ya kugusa, mayi," Wangila alimwambia, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Waliosoma wanagusa kabla ya kutazama."

Siku hiyo akampa neno la siri la rauta, na kumwambia kwamba hata Abdihakim hana. Nasambu hakulala kwa furaha. Kuna wanaopewa pete. Yeye alipewa hilo.

Kisha akaja mwanamke wa Alhamisi. Saa kumi kamili, suti rangi ya maziwa, viatu vya kisigino vinagonga ngazi kimoja kimoja. Alikaa namba sita, akavaa hedifoni, akazungumza kizungu laini hadi saa kumi na moja. Hata saiba ijae namna gani, yeye hakukwama. Nasambu akaona. Akafungua ukurasa wa rauta, akakuta namba sita haina kikomo hata kidogo, imepewa njia ya kwanza juu ya wote. Mkono uliofanya hivyo ulikuwa mmoja tu.

Jioni, kwenye simu, akamuuliza Wangila namba sita ni ya nani.

"Ni mteja tu. Usiiguse."

"Mteja gani hana jina?"

"Analo. Si langu kulitaja."

"Na kizungu chake hicho, kitamu eh?"

"Nasambu, bana. Niamini."

Akajaribu kuamini. Aliamini Alhamisi mbili. Ya tatu, Wangila mwenyewe alifika Kitale, na kabla hajamsalimu alikwenda kuinama juu ya namba sita. Wakanong'onezana. Mwanamke akacheka, akamshika mkono wa sweta. Nasambu akaendelea kuhesabu dakika za wateja, na hesabu zote zikamkosea.

Alhamisi ya nne, saa kumi na nusu, aliandika neno la siri. Hakutaka kumuumiza mtu. Alitaka tu yule mwanamke apange foleni kama wengine. Kwenye kisanduku cha kikomo akaandika mbili, akabonyeza kuhifadhi.

Kisanduku kile hakikuwa cha namba sita. Kilikuwa cha kompyuta zote.

Vioo vyote vikagoma. Ukurasa wa rauta nao ukakataa kufunguka, maana nao ulihitaji njia, na njia alikuwa amezimaliza yeye mwenyewe. Namba sita, mwanamke alikuwa ameshika hedifoni kwa mikono miwili. "Helo? Helo?" Nasambu akampigia Wangila.

"Mtandao umekufa."

"Taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Umegusa nini?"

Angeweza kusema stima ilipotea ikarudi. "Nimegusa namba sita," akasema.

"Huyo ni nesi. Yuko kwa intaviu ya mwisho na hospitali ya ng'ambo. Tafuta sindano haraka."

Akamwambia achome kitundu nyuma ya rauta, ahesabu kumi. Rauta ikasahau kila kitu, na kuifundisha upya kukachukua dakika ishirini na tano. Nasambu aliandika, Wangila akirudia kila namba polepole bila neno la lawama. Mtandao uliporudi, wale wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kumwita mwingine. Mwanamke akaviringa waya wa hedifoni vizuri, akauweka mahali pake.

"Asante, sista," akasema mlangoni.

Siku kumi na moja simu haikulia jioni. Nasambu alipiga, haikushikwa. Ya kumi na mbili Wangila akapiga, akasema Jumapili wakutane Kamukuywa, njiani kuelekea Bungoma, kwa akina Phelista. Ndilo jina la yule nesi.

Huko wakapokewa kama wageni wa heri. Mama Phelista akatandika kitambaa mezani, nje kwenye kivuli cha nyumba, akamimina chai ya maziwa, akamuuliza Nasambu ni wa kwa nani na ataolewa lini. Nasambu alikuja na ombi lake la radhi kifuani, lakini hakuweza kulitoa. Kwao watu hawatangazi safari kabla ya kuondoka, maneno ya watu yasije yakaivunja, na mama hakujua kuwa kulikuwa na safari. Akanywa kikombe cha pili.

Phelista akawasindikiza hadi ng'ambo ya barabara.

"Ni mimi nilikukata," Nasambu akasema. "Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nilimwambia akueleze. Akasema ameniahidi kunyamaza, na ahadi ni ahadi." Phelista akamtazama Wangila, kisha Nasambu. "Angekuwa mwongo kidogo, akakuambia, mimi ningekuwa nimeenda."

Nasambu akashuka kumpigia magoti.

"Simama," Phelista akasema kwa upole. "Mama anatuangalia."

Akawapungia mkono, akarudi. Wakabaki wawili wakingoja matatu, Nasambu ya Kitale, Wangila ya Bungoma.

"Umenichukia?"

"Nimejaribu," Wangila akasema. "Kisha nikajaribu kukusamehe. Yote mawili yamenishinda."

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui." Miezi yote ile, Nasambu hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Nakupenda bado, hiyo ndiyo shida. Jumapili ijayo njoo Bungoma, mama yangu akuone."

Ni neno alilolingoja tangu mwanzo. Akalijibu ndiyo, na ile ndiyo ikatoka bila sauti, Wangila akaisoma midomoni. Wakashikana mikono, wote wakiangalia ng'ambo ya barabara, ambako Phelista alikuwa ameinama mezani, anakusanya vikombe walivyonywea.