Jina Juu ya Chujio

Kila Jumatano akitoka shuleni, Amuron hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kona nyuma ya maghala ya mahindi ya mtaa wa Burumba, Busia, akapita kando ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda, kisha akaingia katika kibanda cha mabati chenye mlango wa buluu. Humo mlikuwa na mashine moja tu, na mtaa mzima uliijua: kompresa ya wazamiaji.

Haikuwa kama zile za kujazia magurudumu barabarani. Hii ilisukuma hewa kwa nguvu nyingi mno, ikaishindilia ndani ya mitungi ya chuma ambayo wazamiaji hubeba mgongoni. Wazamiaji wenyewe walikuwa kikundi cha watu sita wa kujitolea. Mtu akizama katika Mto Sio, wao ndio walioitwa. Mara nyingi walimkuta amekwisha kufa, lakini walimtoa, na jamaa zake wakapata mtu wa kuzika.

Omuse, baba yake Amuron, ndiye aliyekuwa akiitunza mashine hiyo. Alifariki mwezi wa tatu, baada ya kuugua wiki mbili tu. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, na kazi ilikuwa imerudi kwa Mzee Methuselah, aliyemfundisha Omuse ufundi zamani. Masikio ya mzee yalikuwa makali, ila macho yake yalikuwa yameingia ukungu, naye alikuwa akingoja zamu yake ya upasuaji. Kwa hiyo Amuron, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa macho yake.

"Soma geji," mzee alisema Jumatano hiyo, kama alivyosema kila Jumatano.

"Mshale unashuka, mzee."

"Unashuka na mashine imezimwa? Hebu nyamaza tusikie."

Walinyamaza. Kutoka upande wa chujio la hewa ilisikika sauti nyembamba, sss, kama ya mtu anayevuta mate kati ya meno. Amuron alichovya brashi katika kopo la maji ya sabuni, akapaka pale kifuniko kilipokutana na mwili wa chujio. Mapovu madogo yakaota, yakapasuka, yakaota tena.

"Mpira wa kuzibia umechoka," mzee alisema. "Tutaubadilisha. Na wa ndani pia. Unakumbuka kwa nini?"

"Wa nje ukivuja, hewa inapotea. Wa ndani ukivuja, hewa inapita pembeni bila kuchujwa, inaingia kwenye mtungi na mafuta ya injini."

"Na mzamiaji?"

"Anayavuta hayo mafuta akiwa chini ya maji."

"Haya. Umesoma vizuri kuliko yule mzamiaji wetu Quinton, na yeye ana ndevu."

Mzee alifungua koki ya kutolea hewa. Mashine ilipiga kelele, kisha ikatulia. Sheria ya kwanza ya kibanda hicho ilikuwa kwamba hakuna anayegusa chujio mpaka mshale wa geji ulale kwenye sifuri. Ulipolala, dereva mmoja wa lori alichungulia mlangoni akiomba msaada. Injini yake ilikuwa imekataa kuwaka na foleni ilikuwa imeanza kusogea.

"Mipira mipya iko kwenye mkebe," mzee alimwambia Amuron akitoka. "Badilisha yote miwili, funga, andika jina lako. Nikirudi nitasikiliza."

Kuandika jina ndiyo ilikuwa sheria ya pili. Anayefunga chujio hubandika kipande cha utepe mweupe kuanzia juu ya kifuniko hadi kwenye mwili wa chujio, na kuandika jina lake na tarehe. Hakuna anayeweza kufungua bila kuuchana utepe huo.

Amuron alichukua spana, akainama. Ndipo alipousoma utepe uliokuwepo. OMUSE 5/3. Herufi zilikuwa zile zile kubwa, zilizolalia upande wa kushoto, alizoziona kwenye madaftari yake baba alipokuwa akitia sahihi. Baba alifunga chujio hilo kabla tu ya kulazwa. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Simu yake ilikuwa imekufa. Mwandiko huo ulikuwa umebaki hapo peke yake, na mzunguko mmoja wa spana ungeupasua katikati.

Alisimama na spana mkononi kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini. Ukutani kulikuwa na mikanda ya blada, ule mpira wa ndani ya gurudumu ambao Busia nzima huutumia kufungia mizigo kwenye baiskeli, viti vilivyovunjika na hata mabomba ya maji. Akachukua mkanda mmoja, akauzungusha kwenye maungio ya chujio, juu ya utepe na juu ya jina, akivuta kwa nguvu zake zote mara saba. Ile mipira mipya miwili akairudisha ndani ya mkebe.

Mzee alirudi akijifuta grisi. "Umebadilisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Umeandika jina?"

Amuron alitazama sakafu. "Nimeandika."

Mzee aliwasha mashine, akategesha sikio. Blada lilikuwa limeizima ile sauti nyembamba. Akatabasamu, akamshika bega. "Hiyo ni mikono ya baba yako."

Maneno hayo yalimchoma Amuron kuliko tusi. Alhamisi na Ijumaa alikula kidogo sana hata mama yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Alijiambia kwamba Jumatano ijayo atamweleza mzee. Kwani mashine ilikuwa ikikaa wiki nzima bila kutumiwa.

Lakini Jumamosi asubuhi baba yake mdogo, Oriokot, alifika kibandani mbio na pikipiki. Oriokot alikuwa mdogo wake Omuse na ndiye mzamiaji mkuu wa kikundi. Kijana mmoja mchimba mchanga, Oundo wa Busibwabo, alikuwa ametumbukia katika shimo refu mtoni jioni iliyotangulia, na hakuwa ameonekana tena. Mzee Methuselah aliijaza mitungi miwili. Amuron alisoma geji.

Oriokot alinusa mdomo wa mtungi. "Mbona hewa ina kaharufu?"

"Ni pikipiki yako hiyo inanuka," mzee alimjibu. "Chujio limefungwa Jumatano na mtoto wetu mwenyewe."

Wakacheka, wakapakia mitungi kwenye pikapu. Amuron alipanda nao, maana mzee hakwenda popote bila macho yake. Njia nzima alifungua mdomo na kuufunga. Kila alipotaka kusema, aliona kwanza uso wa mzee utakavyobadilika.

Mtoni watu walikuwa wamejaa kimya. Mama yake Oundo alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, ndala za mwanawe zikiwa mapajani. Hakuwa akilia. Alikuwa akiyatazama maji tu, na Amuron aliujua mtazamo huo. Mama yake mwenyewe alilitazama hivyo jeneza.

Oriokot alivaa mtungi. Quinton, mzamiaji kijana, alimfunga kamba kiunoni akimtania ili kumtia moyo. "Taratibu boss, umenenepa, kamba imebaki fupi."

Oriokot akaweka kifaa cha kupumulia mdomoni, akavuta mara mbili, kisha akakitoa akikohoa. Akatema mate. "Naonja mafuta."

"Ngoja kidogo basi," Quinton alisema.

"Ningoje nini na huyu mama amekesha hapa? Nitavumilia." Akakirudisha mdomoni, akaingia majini. Maji yakamfika magoti, kisha mapaja.

"Baba mdogo, usizame!"

Amuron hakujua kama sauti hiyo ilikuwa yake. Watu wote waligeuka. Alikuwa amekwisha kuingia mtoni na viatu vya shule, ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Sikubadilisha mipira! Nilidanganya. Nilifunga na blada tu. Hewa hiyo haikuchujwa, baba mdogo, toka!"

Oriokot alisimama. Taratibu akatoa kile kifaa mdomoni, akarudi ukingoni. Quinton ndiye aliyelipuka. "Na blada? Unafunga hewa ya mtu na blada kama unafunga kuku kwenye baiskeli? Leo tungewatoa wawili humu!"

Mzee Methuselah alikuwa amegeuzia macho yake yenye ukungu mahali Amuron aliposimama. Hilo lilikuwa baya kuliko kelele za Quinton.

Aliyezungumza ni mama yake Oundo. "Huyu mtoto ni wa nani?"

"Wa marehemu Omuse," Oriokot alijibu.

Mama alimtazama Amuron. "Mwacheni. Amesema kabla huyu hajazama. Nendeni mkarekebishe mashine yenu. Mwanangu nitamngoja hata kwa saa mbili. Sitaki mama mwingine aje kukaa hapa nilipokaa."

Walirudi Burumba. Kibandani mzee alitoa hewa yote kwenye mashine. Oriokot akaifungua mitungi, ikanguruma mpaka hewa ikaisha. Mshale ulipolala, mzee alinyoosha mkono wenye spana.

"Fungua."

"Mimi, mzee?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye ulisema umefunga."

Amuron alikata blada. Lilianguka sakafuni, na jina la baba likaonekana. Alifumba macho, akazungusha spana. Utepe ulichanika kwa sauti ndogo sana, katikati ya jina. Mpira wa nje ulitoka umebapa, na upande mmoja ulikuwa na ufa ambao ukucha ungeweza kuingia. Wa ndani ulikuwa umegawanyika vipande viwili. Pale chini, mahali palipopaswa kuwa pakavu, palikuwa na majimaji ya kahawia.

Mzee alichovya kidole humo, akakipeleka kwenye pua ya Amuron. Harufu ilimpanda kichwani, ya injini na ya kitu kilichoungua.

"Hicho ndicho baba yako mdogo alikuwa anakivuta."

Ndipo Amuron alipolia. Mzee alimwacha alie, lakini hakumwambia aache kazi. Amuron alipanguza mfereji unapolala mpira kwa kitambaa kisafi, akaondoa kila chembe ya vumbi. Akabadilisha kiini cha kuchujia kilicholowa. Akaipaka mipira mipya grisi yake maalumu, kidogo tu, kutoka katika kikopo alichokiacha baba, akailaza bila kuikunja. Akafunga. Mzee akapapasa kila hatua kwa vidole vyake kabla ya kuruhusu inayofuata. Mashine ilipowashwa, walipaka sabuni wakangoja. Hapakuwa na povu hata moja.

"Andika jina," mzee alisema.

Akabandika utepe mpya, akaandika. AMURON 21/6. Herufi zilitoka kubwa, zimelalia kushoto.

Mitungi ilipojaa, Oriokot alivuta hewa mara tatu, akafikiri, akavuta tena. "Haina harufu ya kitu chochote," alisema.

Saa kumi alasiri walimpata Oundo chini ya mzizi wa mti, hatua chache tu kutoka alipotumbukia. Mama yake alimfunika kwa leso aliyokuwa amejitanda. Kabla ya kuondoka alimshika Amuron mkono, akaufinya.

Jioni mzee alimkalisha Amuron kwenye kizingiti cha kibanda. Mkononi alikuwa na vile vipande viwili vya utepe.

"Ulikuwa unautunza utepe huu?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maandishi yake ya mwisho."

"Ungeniambia. Ningetafuta namna ya kuubandua kwa mvuke wa maji moto, na kama ungechanika, tungechanika nao mimi na wewe pamoja. Mimi pia nilimpenda." Akaviunganisha vile vipande kwa vidole. "Lakini sikiliza. Baba yako hakuliandika jina hili ili akumbukwe. Aliliandika ili hewa ikiharibika, tujue wa kumuuliza. Alikuwa anasema, mimi hapa, niulizeni mimi. Ukitaka kumtunza baba yako, litunze hilo. Jumatano ulificha ukweli kwa sababu uliona uchungu, na uchungu si kosa. Kosa ni kumpa mtu mwingine aubebe mgongoni pasipo kujua. Kusema ukweli leo kumekuaibisha mbele ya watu, lakini Oriokot anakula chakula cha jioni kwake."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Ila kukuamini, hiyo tutaijenga. Mwezi mmoja hutashika spana."

Akampa vile vipande. Nyumbani, Amuron na mama yake walivibandika ndani ya jalada la Biblia, upande kwa upande, mpaka jina likakutana tena.

Jumatano iliyofuata mzee alisema, "Soma geji."

"Umelala, mzee."

Methuselah alisogea, akainama mpaka pua yake ikagusa kioo, akahakikisha mwenyewe. Alifanya hivyo Jumatano nne mfululizo, na Amuron hakunung'unika hata mara moja. Jumatano ya tano aliuliza tena.

"Umelala, mzee."

Mzee hakuinama. Alinyoosha mkono, akampa spana.